Duka la muvi la Mwembe Tayari: flashi safi, ila folda ya "za zamani" wenye watoto muiangalie vizuri

Kama mwatafuta pa kujaziwa flashi, hili duka la pale Mwembe Tayari, Mombasa, mie nalipendekeza, muvi ni bob 20 na zaja safi, si zile zilizorekodiwa na simu ndani ya sinema watu wapita mbele. Na wakikosa unachotaka hawakubebeshi kingine. Hapo sina neno.

Shida ni folda ya za zamani. Horo, yaani muvi za kutisha, zote za kitambo wamezirundika humo, Dracula ya 1931 iko pamoja na The Exorcist ya 1973, ati kwa sababu zote ni za zamani!! Binti yangu yuko gredi ya 5 na likizo hii ameshikwa na hamu ya muvi za kutisha, nikauliza ipi yamfaa, kijana wa kaunta akanijibu "Mama chukua yoyote, hizo za kitambo hazitishi, watoto wa leo washaona makubwa." Hapana jamani. Dracula sawa, Bela Lugosi anayeigiza Dracula hata meno hayatoi na damu karibu hakuna, kazi yote ni macho na joho. Lakini The Exorcist Marekani ilipewa R, yaani chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, Uingereza ikapewa X yaani chini ya miaka 18 huingii, na mie mtu mzima mpaka leo kuna mahali nafumba macho.

Na msiseme basi tuangalie alama za umri tu, kwa sababu alama za zile enzi nazo zina mambo yake. Jaws ya 1975 ni PG, yaani mtoto aweza kutazama ila mzazi amwongoze, na mle mtoto mvulana aliwa na papa mchana kweupe ufuoni mamake yuko palepale. Poltergeist ya 1982 ilipewa R kwanza, wenyewe wakakata rufaa ikashushwa PG, na kuna mtu ajibambua nyama za uso mbele ya kioo, PG hiyo! Sababu ni kwamba PG-13, ile ya kuwaonya wazazi wa walio chini ya miaka 13, ilikuwa bado haijaanzishwa, ilikuja 1984, kabla ya hapo kati ya PG na R hapakuwa na kitu. Sasa mtoto wa Mombasa ambaye kila Jumapili ni kuogelea ufuo wa Pirates, muoneshe Jaws halafu umwambie aingie maji uone.

Hapa Kenya bodi ya filamu, KFCB, ina madaraja yake, GE (ya watu wote), PG, 16 na 18, yaeleweka kabisa. Lakini kwa flashi huyaoni, zamani kava ya DVD angalau ilikuwa na kitu cha kusoma, siku hizi ni jina la faili basi. Mbona duka lisigawanye ile folda kwa hayo madaraja manne, ni kazi ya siku moja tu.

Dada wa zamu ya jioni ndiye anayejua kazi, mashallah. Yeye kabla hajakopi auliza kwanza itatazamwa na nani, akaniwekea Frankenstein ya 1931 na akanitahadharisha kuna mahali mtoto mdogo atupwa ziwani, nikae na binti yangu hapo. Nendeni jioni mumuulize yeye. Nyota 4, folda ikigawanywa nitarudi kuongeza ya 5.