Kumimina siti za basi kwa resini nyumbani Dar: uzoefu wangu na seti ya kuanzia

Basi la mkoani lenye mpangilio wa mbili kwa mbili lina siti hamsini na kitu, na hapo ndipo wengi tunaojenga modeli za mabasi tunapochoka. Seti ya modeli ya plastiki ya kampuni ya Italeri, ya kichwa cha lori la Scania kwa kipimo cha 1/24 (mara 24 ndogo kuliko gari halisi), inakupa chesisi, injini, ekseli na rimu za kueleweka. Bodi ya basi utaijenga mwenyewe kwa plastiki bapa, hiyo haina shida. Kazi iko kwenye siti. Ukizikata moja moja kwa wembe, ya kumi haifanani na ya kwanza, na ya ishirini unaikata kwa hasira. Wenzetu wanaojenga kwa maboksi hubandika tinti nyeusi kwenye vioo, habari ikaishia hapo. Mimi nataka mtu akichungulia dirishani aone siti, na kitambaa cha kichwani juu yake.

Kwa hiyo nikaagiza seti ya kuanzia ya kumimina: chupa mbili za silikoni ya kutengenezea kalibu, yaani umbo la mpira la kumiminia, na chupa mbili za resini nyeupe ya poliyurethani, sehemu A na sehemu B, ambazo zikichanganywa huganda kuwa plastiki ngumu. Kila chupa ina ujazo wa nusu lita hivi. Ilikuja kwa meli kupitia wakala wa mizigo, na nauli pamoja na ushuru vilikaribia bei ya bidhaa yenyewe, kwa hiyo ukipiga hesabu usiishie kwenye bei unayoiona mtandaoni. Chapa sitaji. Resini za aina hii tabia zao ni zilezile, na ninachotaka kueleza ni namna zinavyokuwa zikishafika pwani.

Nianze na silikoni, maana ndiyo iliyonifurahisha. Ni ile inayokazwa na kemikali ya bati, unachanganya kiasi sawa kwa sawa kwa ujazo, una kama nusu saa ya kufanyia kazi, halafu unaiacha ikae kwa muda wa saa sita. Hewa ya Dar yenye unyevu haiisumbui hata kidogo. Silikoni za aina hii huhitaji unyevu kidogo ili zikaze, kwa hiyo huku kwetu zinakaza vizuri na kwa haraka. Kuna aina nyingine inayokazwa na platinamu. Hiyo inadumu miaka mingi zaidi na hainywei, lakini ina visirani: ikigusana na udongo wa kufinyangia wenye salfa, au glavu za mpira wa kawaida, au kitu kilichochapwa kwa printa ya resini kabla hakijakauka sawasawa, sehemu iliyogusana inabaki ute usiokaza. Kwa anayeanza, chukua ya bati. Kalibu zake zitachoka baada ya muda na zitasinyaa kidogo zikikaa kabatini, lakini kufikia hapo siti zako utakuwa umeshazipata.

Siti nilizitengeneza vipande viwili, mgongo na kalio, kila kimoja kikiwa na upande mmoja bapa. Hii inakuepusha na kalibu ya pande mbili, ambayo ni shughuli nyingine kabisa. Mgongo wa siti ya watu wawili kwenye 1/24 ni kama milimita 37 kwa upana. Nilichonga kimoja kwa plastiki, nikachora mishono kwa ncha ya sindano, nikakibandika juu ya kigae cha bafuni, nikakizungushia ukuta wa matofali ya Lego ya mtoto na kuziba nyufa kwa udongo wa kuchezea usio na salfa. Silikoni inamiminwa kwenye kona moja tu, kwa uzi mwembamba kutoka juu, ijikusanye yenyewe na kupanda taratibu juu ya kipande. Ukiimwaga katikati unafungia hewa kwenye mishono, na kila siti itakayotoka humo itakuwa na chunusi. Kwenye kalibu ya kwanza nikamimina migongo mitano, nikaisafisha, nikaipanga kwenye kigae na kutengeneza kalibu ya pili ya mitano kwa mpigo. Hiyo ndiyo ya kazi.

Ubora wa kunakili ni wa kushangaza. Nilijaribu na rimu pia. Rimu ya inchi 22.5 kwenye kipimo hiki ina kipenyo cha karibu milimita 24, ina nati 10, na kila nati haifiki milimita moja na nusu. Zote 10 zilitoka, na kona zake. Hata alama ya msasa niliyokuwa nimeisahau pembeni ilitoka.

Sasa resini. Kwenye lebo imeandikwa dakika 3 za kufanyia kazi, kutoa kwenye kalibu baada ya dakika 10. Hesabu hiyo ni ya chumba chenye nyuzi 23, na Dar nyuzi 23 unazipata mbele ya kiyoyozi. Mwezi wa pili, chumbani kwangu bila kiyoyozi, dakika 3 zile hazifiki mbili. Unachanganya, unaanza kumimina, ya tatu inaingia vizuri, ya nne inajivuta, na iliyobaki kikombeni inapata moto na kugeuka nyeupe ghafla mbele ya macho yako. Ukitaka kununua, tafuta ya polepole. Kwa mfano kampuni ya Smooth-On ina Smooth-Cast 300 ya dakika 3, 305 ya dakika 7 na 310 ya dakika 15 hadi 20. Kwa joto letu ningeanzia kwenye 305 na kuipita 300 kama siioni. Ya polepole inachelewa kutoka kwenye kalibu, lakini una haraka ya kwenda wapi?

Joto lina dawa. Unyevu ndio mkorofi. Sehemu A ina kemikali iitwayo isosianati, na isosianati ikikutana na maji inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Viwandani wanaitumia kemia hiyohiyo makusudi kuumua magodoro. Kwenye siti yako hutaki godoro. Chupa ikiwa mpya, siti zinatoka ngumu, laini, nyeupe safi. Ukishaifungua na kuifunga mara kadhaa msimu wa masika, zinaanza kutoka na vitundu vidogo ndani, kisha kipande kinavimba juu ya kalibu kama andazi, ukikikata katikati unaona sponji. Hapo hakuna marekebisho. Mdomo wa chupa A nao hujenga ukoko mweupe na kifuniko kinagoma, kwa hiyo futa mdomo kila unapomaliza.

Mambo niliyoona yanasaidia ni haya. Mara tu seti ilipofika niligawa resini kwenye chupa ndogo zilizokauka kabisa, nikazijaza hadi juu kabisa pasibaki hewa, ili nifungue moja huku nyingine zimelala. Chupa inayotumika huingia kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vipakti vya kunyonya unyevu, vile vya kwenye maboksi ya viatu, ingawa vile vidogo huchoka upesi na ni bora kununua vikubwa. Jirani yangu mmoja ni fundi wa mageti ya stenlesi na huchomelea kwa gesi ya argoni; nikimpelekea puto ananijazia, nami naipulizia ndani ya chupa kabla ya kufunga. Argoni ni nzito kuliko hewa, inatulia juu ya resini kama kifuniko cha pili. Na usikorogee kijiti cha aiskrimu wala usichanganyie kwenye kikombe cha karatasi: mbao na karatasi vimebeba maji ambayo hutayaona. Tumia vikombe vya plastiki na kijiti cha plastiki.

Kupima ni jambo lingine ambalo lebo inaligusa juujuu. Kwa mililita 10 za mchanganyiko, unahitaji 5 na 5, na ukizidisha nusu mililita upande mmoja tayari umekosea kwa asilimia 10. Nunua bomba za sindano duka la dawa, moja ya A na moja ya B, uziandike kwa kalamu ya wino mzito wala zisibadilishane kamwe. Wale wenye mizani ya gramu wawe makini: resini inayosema sawa kwa sawa kwa ujazo haina maana ni sawa kwa sawa kwa uzito, kwani sehemu mbili hizo hazina uzito mmoja. Soma lebo.

Viputo vya juu juu vinaondoka kwa poda ya mtoto, ile yenye talki halisi, si ya wanga. Unapaka kidogo ndani ya kalibu kwa brashi laini, unaigeuza na kuigonga ili ya ziada idondoke. Resini inaifuata poda hadi kwenye kona. Baada ya kumimina, nafunika mdomo wa kalibu kwa kipande cha plastiki ngumu ya kava la daftari, nakilaza kuanzia upande mmoja ili kisukume hewa, na upande ule unatoka bapa kama kigae. Wataalamu huweka kalibu kwenye tangi la presha la psi 60 hivi (psi ni kipimo cha presha, kama cha matairi) na viputo vinabanwa hadi havionekani. Mimi sina, na kwa siti sijaona haja. Ila kuna watu nimesikia wakiulizia kuunganisha kompresa na sufuria ya presha ya jikoni. Sufuria hiyo imeundwa kwa psi 15 tu au karibu na hapo. Msifanye hivyo jamani.

Nikaona pia nijaribu vya hapahapa mjini. Epoksi ya meza, hii wanayoimwaga maseremala kwenye mbao, inapatikana kirahisi na haijali unyevu kama poliyurethani. Inakaa kwenye kalibu siku nzima au zaidi, lakini kwa vitu vinene kama tangi la mafuta, betri na masanduku ya mizigo inatosha kabisa. Ulizia ile ya kupaka juu ya meza, achana na ile ya kumwaga kina kirefu: hiyo ya pili hutegemea joto inalolitoa yenyewe ikiwa nyingi, ukiiweka kwenye kipande cha mililita 4 inaweza kubaki laini kwa siku kadhaa. Resini ya faibaglasi yenye hadena ya matone, ya mafundi wa boti, ni rahisi zaidi lakini siipendekezi. Harufu yake inahamisha nyumba nzima, inanywea ikikaza, ikiwa nyembamba inavunjika kama kioo, na inakula kalibu.

Afya. Isosianati ikishakushika mapafu inaweza kukuachia pumu, na mwili ukishaikataa hata kiasi kidogo kinaamsha tatizo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke; inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, pamoja na glavu za naitraili na miwani. Hapa kuna mgongano wa kweli: unataka dirisha wazi kwa ajili ya mvuke, na dirisha wazi linaleta unyevu. Mimi nachanganya na kumimina kwenye chumba chenye kiyoyozi nikiwa nimevaa vyote, halafu naipeleka trei ikakazie barazani chini ya kifuniko. Watoto hawaingii. Msasa ni wa maji siku zote, vumbi lake usilivute.

Vipande vikishatoka, vioshe kwa sabuni ya vyombo, la sivyo rangi inabanduka. Gundi ya kawaida ya modeli haivishiki, kwa sababu ile huyeyusha polistirini, plastiki ya seti za modeli, na hii si polistirini, tumia supaglu. Vyembamba viache hadi kesho yake kabla ya kuvibana, vinaendelea kukaza. Na basi lililomalizika usiliache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, siti zitalegea.

Suala la kunakili kazi ya mtu kwangu halina utata. Siti nilichonga mwenyewe, nampa nimtakaye. Rimu za Italeri namimina kwa mabasi yangu tu. Kuziuza itakuwa kuuza jasho la mchongaji mwingine. Printa ya 3D ingefanya siti hizi pia, na kama unayo huenda hii yote huihitaji, ila bei yake ni ya ngazi nyingine na resini yake nayo ina kero zake.

Kwa hesabu, siti za basi moja hula robo lita hivi, kwa hiyo lita moja ya mchanganyiko ingetosha mabasi manne hivi kama ingedumu. Mimi ilinitosha mawili, masika yakachukua iliyobaki. Silikoni nitaagiza tena, safari hii chupa kubwa. Resini nitachukua ya polepole kwenye vifungashio vidogo, hata kama kwa lita inatoka ghali zaidi, na ifike mwezi wa sita mvua zikiwa zimekatika. Vile vioo vya pembeni vinavyoning'inia mbele kama pembe nimeacha kuvimimina, shingo zake zinakatika kila nikivitoa kwenye kalibu. Napinda waya wa shaba na kubandika kioo mwishoni.