Meta Business Suite au Buffer kwa timu yenye akaunti nyingi?

Kama kurasa zenu zote ziko Facebook na Instagram, anzeni na Meta Business Suite, zana ya kusimamia kurasa inayotolewa na Meta, wenye Facebook na Instagram. Ni bure, unapanga machapisho ya wiki nzima kwa mkao mmoja, na ujumbe wa Messenger na wa Instagram unaingia kwenye kikasha kimoja. Kila mtu anapewa ruhusa kwa akaunti yake mwenyewe, hakuna tena kutumiana nywila kwenye kundi la WhatsApp. Kasoro yake ni kwamba TikTok, X na LinkedIn haizigusi kabisa.

Buffer, zana nyingine ya kupanga machapisho, inazishika zote hizo. Mpango wa bure unaruhusu akaunti 3, kila moja machapisho 10 kwenye foleni. Ukizidi hapo, unalipia kwa kila akaunti, na hapo ndipo panapouma: wateja 5 wenye akaunti nne nne ni akaunti 20, na bili inakuja kwa dola.

Hata hivyo, kwa wakala anayeendesha kurasa za wateja, ningelipia mpango wa timu wa Buffer kwa sababu ya idhini tu, yaani chapisho kupitiwa kabla ya kutoka. Enzi zetu za kurusha kila kitu kwa simu, kijana wetu alipandisha pilau ya mgahawa kwenye ukurasa wa duka la dawa, saa mbili usiku, na maandishi "Njoo na njaa yako". Mwenye duka alipiga simu kabla hatujaiona. Kwenye Buffer, chapisho la mgeni kazini linasubiri mkubwa wake alipitishe.

Kujibu wateja wa Facebook na Instagram, bado ningebaki Business Suite.