Kikapu cha wiki: nyanya zilipondwa njiani, akakatwa pesa mkulima

Nilipanga kuipa huduma hii nyota nne. Nikashuka hadi moja. Sasa ninapoandika sina hakika tena, maana kilichoharibika ni kimoja tu, lakini ni kile cha msingi.

Ni huduma ya kikapu cha wiki. Mnalipia msimu mzima kabla, wakulima wadogo wanaleta mazao kwenye kituo cha kukusanyia, kila mlaji anachukua fungu lake. Dalali hayupo. Mboga za majani sina la kulalamika hata kidogo: zinavunwa alfajiri jua halijapanda, zinachovywa kwenye maji safi ya baridi, zinakung'utwa na kufunikwa kitambaa kibichi. Zinakaa siku nne majani yakiwa bado magumu. Kwa hilo peke yake nimewaambia wengi wajiunge.

Nyanya ndizo zilizonikera. Majuma machache yaliyopita nilipewa fungu linalovuja. Nikazigeuza moja moja pale pale mezani. Zilizokuwa chini zilikuwa zimebonyea mistari miwili iliyonyooka, sambamba, upana wa kidole baina yake. Hiyo ni alama ya mbao za tenga. Nyingine zilikuwa na vitundu vilivyochomwa na vikonyo vya nyanya za jirani, kwa kuwa aliyezipanga hakuvitoa, na gari likaruka kwenye mashimo.

Kosa la shambani lina sura yake, na anayezijua nyanya hababaiki. Doa jeusi lililozama kwenye kitako hutokana na umwagiliaji usio na mpangilio, leo maji mengi kesho hakuna, hadi kalsiamu inashindwa kufika kwenye tunda. Mipasuko inayozunguka kikonyo huja mvua inaponyesha ghafla baada ya ukavu. Funza naye huacha tundu lenye kinyesi mdomoni. Kwenye fungu langu hapakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Nyanya zile zilitoka shambani nzima, zikapondwa ndani ya tenga refu lililojazwa hadi pomoni, ambamo tabaka la chini hubeba uzito wa yote yaliyo juu yake.

Nikamwonyesha karani. Hakuinua hata kichwa.

"Dada, usijali, utarudishiwa. Tunamkata mkulima."

"Mkulima kwa kosa gani? Tenga ni lenu, gari ni lenu."

"Ndio utaratibu. Kama huzitaki ziache hapo, wapo wanaozitaka."

Fedha zilirudi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo hasira ilipopanda kweli kweli. Wangezitoa kwao ningewasifu kwa haraka yao. Wamezitoa kwa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, ambaye hakuwepo kujitetea, kisha wakanipa mimi nishukuru! Huyo dalali tunayejisifu kumkwepa alikuwa anafanya nini zaidi ya hicho?

Kulipia kabla kuna maana yake. Wajapani walipoanza teikei, mpango wao wa walaji kuungana moja kwa moja na wakulima, miaka ya 1970, Wamarekani wakafuata mwaka 1986, na Wafaransa wakaanzisha AMAP, mpango wao wa aina hiyo hiyo, mwaka 2001, wazo lilikuwa mlaji abebe sehemu ya hasara pamoja na mkulima. Mvua ikiharibu, fungu linapungua na mlaji anavumilia. Hapa hata hasara ya barabarani imesukumwa mgongoni mwa mkulima.

Na dawa yake si ngumu. Kreti za plastiki zenye matundu ubavuni, fupi, zile zinazopachikana ili uzito ukae kwenye kingo na si kwenye matunda. Zijazwe na kuachwa vidole viwili chini ya ukingo. Vikonyo vitolewe vyote. Za safari ndefu zichumwe zinapoanza kubadilika rangi, zilizoiva zipangwe kwenye kreti za juu. Iliyochubuka itolewe mapema, kwa sababu hutoa ethilini nyingi zaidi, gesi inayoivisha, na kuzilainisha hata zilizo nzima pembeni yake.

Kubwa zaidi ni karatasi ya mapokezi. Mzani urudishwe sifuri na kreti tupu mbele ya mkulima, nyanya zikaguliwe papo hapo, ziandikwe kilo, daraja na kasoro zilizoonekana, wote wawili watie sahihi, na nakala abaki nayo mkulima. Baada ya sahihi, hasara ni ya mwenye gari. Bila karatasi hiyo mkulima hana pa kushika, kwa sababu mchubuko wa nyanya mara nyingi haujitokezi saa ile ile. Nyama hulainika na kuachia maji baada ya siku moja au mbili, na kufikia hapo karani anasema chochote anachotaka.

Mtauliza kama mjiunge. Kwa mboga za majani, jiungeni leo. Nilikuwa nimeandika hapa "kwa nyanya, hapana", nimefuta, maana mkizikataa atakayeumia ni yule yule mkulima. Chukueni, lakini zigeuzeni kituoni kabla hamjaondoka, pigeni picha ya alama za mbao, na mkidai fidia ulizeni inatoka mfukoni mwa nani.

Yangu nimeomba arudishiwe mkulima. Sijajibiwa. Nyota mbili.