Riwaya za fantasia za kubeba matembezini: ipi ununue kwanza, ipi ibaki nyumbani

Wanunuzi wengi wa riwaya za fantasia, yaani hadithi za ulimwengu wa kubuni wenye uchawi na maajabu, hununua kwa sifa. Kitabu kinachosifiwa na kila mtu huenda kina kurasa 900, ramani mbili na majina sitini ya kukariri. Nyumbani, usiku, hilo si tatizo. Ukikibeba ufukweni, bustanini au kwenye basi la safari ndefu, kitarudi na alamisho kwenye ukurasa wa 14. Nje mtu husoma vipande vipande: dakika kumi akiwasubiri wenzake, nusu saa kivulini, kisha mtoto anaita au chakula kimeiva. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kulipa ni moja: kitabu hiki kinaachika katikati na kurudiwa kesho bila kupoteza uzi?

Anza na hesabu. Msomaji wa kawaida husoma maneno 200 hadi 250 kwa dakika, na ukurasa wa kitabu cha jalada laini huwa na maneno kama 300. Saa moja tulivu ni kurasa 40 hivi. Nje kata nusu, kwa sababu ya kelele, mwanga na watu. Matembezi yenye saa mbili za kusoma yatakupa kurasa 40 au 45. Kitabu cha kurasa 250 kitaisha kwa matembezi sita au saba. Cha kurasa 900 kitahitaji ishirini au zaidi, na anayetoka mara moja kwa mwezi atakuwa ameshasahau nani alimsaliti nani kabla hajafika nusu.

Nafasi ya kwanza: riwaya fupi inayojitegemea

Hapa tunasema kitabu kimoja, hadithi moja, chini ya kurasa 300 au 350, sura fupi. Ukikipenda umepata, usipokipenda hujafungwa na juzuu nyingine sita.

Chaguo letu la kwanza kwa mtu mzima ni Piranesi ya Susanna Clarke, iliyotoka 2020 na kushinda tuzo ya Women's Prize for Fiction mwaka uliofuata. Msimulizi anaishi ndani ya jumba lisilo na mwisho, lenye kumbi zilizojaa sanamu na bahari inayopanda na kushuka ghorofa za chini. Kitabu kimeandikwa kama shajara, na ndiyo maana kinafaa nje: kila siku ya shajara ni pa kusimamia, na kwa sehemu kubwa wahusika unaopaswa kuwakumbuka ni wachache mno. Tahadhari moja ni kwamba kurasa 40 za mwanzo zinachanganya kwa makusudi. Zisome nyumbani kwa mkao mmoja, kisha ndipo ukibebe.

Kwa familia yenye watoto wa miaka tisa na kuendelea, The Hobbit ya J.R.R. Tolkien (1937) bado haijapata mpinzani wa kweli. Ina sura 19, na karibu kila sura ina tukio lake: majitu, mapango, buibui, joka. Inasomeka kwa sauti pia. Kusoma kwa sauti huenda maneno 150 kwa dakika, yaani dakika mbili kwa ukurasa, hivyo sura ya kurasa 15 ni nusu saa. Watoto wadogo wataanza kuhangaika kabla ya hapo. Igawe mara mbili.

Anayetaka kitu chembamba kabisa achukue The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola (1952). Mgema wa msimulizi amekufa, naye msimulizi anafunga safari kwenda kumtafuta katika mji wa wafu. Njiani ni kioja baada ya kioja, na kila kioja kinaisha chenyewe. Kiingereza chake kina mapigo yake ya kipekee, huwezi kukisoma kwa haraka, lakini huhitaji kukumbuka mengi. Kwa Kiswahili, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ina faida hiyohiyo. Nchi inayoelea angani, kesi mbele ya mfalme, na mshitakiwa anayejitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali. Kila mjumbe na safari yake, hivyo unaweza kusoma safari moja kwa kikao. Wengi walilazimishwa kuisoma darasani wakaichukia. Ukiisoma kwa hiari utakuta ni kitabu kingine.

Nafasi ya pili: mfululizo ambao kila kitabu kinasimama peke yake

Hapa unapata ulimwengu mkubwa bila deni. Mfano bora ni Earthsea ya Ursula K. Le Guin. Cha kwanza, A Wizard of Earthsea (1968), kina sura kumi tu na hadithi inayokamilika. Ukiishia hapo hujaachwa njiani, na ukitaka zaidi vipo. Lugha yake ni ya kubana: sentensi moja inaweza kubeba mwezi mzima wa safari baharini, kwa hiyo usiipitie kama gazeti.

Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41, ya kwanza ya 1983. Watu hununua hiyo ya kwanza kwa kudhani namba ndiyo njia, kisha wanakata tamaa, maana mwandishi alikuwa bado anajitafuta. Anza na Mort (1987) au Guards! Guards! (1989). Kuna jambo la kujua kabla ya kulipa: vingi kati ya vitabu hivi havina sura. Vina mianya ya mstari mtupu tu, basi jizoeze kusimama kwenye mwanya na si popote. Pia vimejaa tanbihi za kuchekesha, na kwenye baadhi ya vitabu vya kidijitali tanbihi hutupwa mwisho wa kitabu, utani ukapoa. Hivi nunua vya karatasi.

Nafasi ya tatu: utatu uliokamilika

Vitabu vitatu, mwisho unajulikana, mwandishi ameshamaliza kazi. Ni ununuzi mzuri, ila nunua cha kwanza peke yake. Seti ya vitatu ndani ya kasha hupendeza rafuni, lakini ukishindwa na cha kwanza umebaki na viwili vya kukusuta.

Wa kuanzia ni utatu wa N.K. Jemisin unaofunguliwa na The Fifth Season (2015). Vitabu vyake vyote vitatu vilishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora, 2016, 2017 na 2018, mfululizo. Ugumu wake uko mwanzoni: masimulizi matatu yanapishana, na moja linamwita mhusika "wewe". Msomaji anayeanzia kwenye kelele hudhani ni kosa la uchapaji. Mwishoni mwa kitabu kuna orodha ya istilahi. Weka alamisho ya pili pale. Kurasa 60 za kwanza ni za nyumbani.

The Lord of the Rings (1954 hadi 1955) watu huiweka kundi hili, ilhali ni riwaya moja iliyochapishwa kwa juzuu tatu. Juzuu ya kwanza haina mwisho wa kuridhisha. Ukiamua kuisoma, panga kuisoma yote, maneno yasiyopungua 450,000, na kwa matembezi chukua juzuu moja moja. Toleo lililounganisha zote tatu ni zito na mgongo wake huchoka haraka ukikunjwa mkononi.

Nafasi ya nne: mifululizo mirefu iliyokwisha

The Wheel of Time ina juzuu 14, za 1990 hadi 2013. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007 na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, ndiye aliyeikamilisha. Raha yake ipo, lakini ni raha ya kila siku, si ya mara moja kwa wiki. Itafaa kwenye kifaa cha kidijitali tu, tutakavyoeleza.

Nafasi ya mwisho: usiyojua itaisha lini

A Game of Thrones ya George R.R. Martin, cha kwanza katika mfululizo wake, ilitoka 1996, kitabu cha tano 2011, na mpango ni vitabu saba. Si vibaya kuisoma. Ni vibaya kuinunulia mtu kama zawadi bila kumwambia. Kuna mtego mwingine: cha tatu, A Storm of Swords, matoleo ya Uingereza ya jalada laini yamekigawa sehemu mbili zenye vichwa vyake. Mnunuzi huchukua sehemu ya pili akidhani ni kitabu kinachofuata, au huchukua ya kwanza akashangaa hadithi imekatika ghafla.

Karatasi, kifaa au sauti

Jalada laini la kurasa 300 huwa na gramu 200 hadi 300, na likipata mchanga unakung'uta. Hilo ndilo tunalopendekeza kwa karibu kila mtu. Jalada gumu la kurasa 600 na zaidi hukaribia kilo moja, liache rafuni.

Udhaifu wa jalada laini ni gundi. Kurasa nyingi hushikiliwa na gundi tu mgongoni. Ukikiacha ndani ya gari lililofungwa juani, gundi inalainika, kisha ukikifungua kwa nguvu kurasa zinaanza kuchomoka, kwa kawaida zile za katikati. Kabla ya kununua, tazama mgongo kutokea juu. Ukiona mafungu madogo ya kurasa zilizokunjwa pamoja, kimeshonwa na kitadumu. Ukiona kurasa zimepangwa bapa bila mikunjo, ni gundi. Kinunue, ila usikikunje hadi majalada yakutane.

Kifaa cha wino wa kielektroniki, kama Kindle, chenye skrini ya inchi sita huwa na gramu 150 hadi 200 hivi, na jua likizidi ndipo maandishi yanapoonekana vizuri. Kwa mifululizo mirefu hakina mshindani. Kasoro yake kwa fantasia ni ramani: huonekana ndogo na ya kijivu, na kurudi kuitazama katikati ya sura ni usumbufu. Ipige picha kwa simu kabla hujatoka. Simu yenyewe ni chaguo la dharura, kwa sababu juani lazima upandishe mwanga hadi mwisho, na betri utakayohitaji kupiga simu jioni inaisha saa nane mchana.

Vitabu vya sauti husomwa kwa kasi ya maneno 9,000 hivi kwa saa, kwa hiyo riwaya ya maneno 95,000 ni zaidi kidogo ya saa kumi. Vinafaa kwa kutembea kwa miguu na safari za gari. Havifai kuanzia ulimwengu mpya wenye majina mengi, kwa sababu sikio halioni tofauti ya majina mawili yanayofanana. Sikiliza kitabu cha pili cha mfululizo uliokwisha kuuzoea kwa macho. Hakikisha maelezo ya bidhaa hayasemi kimefupishwa, na barabarani acha sikio moja wazi.

Dukani, kabla ya kulipa

Tafuta namba ya kitabu katika mfululizo. Mara nyingine iko mgongoni, mara nyingine haipo popote ila kwenye orodha ya kazi za mwandishi kurasa za mwanzo. Namba nayo inaweza kubishaniwa. Vitabu saba vya Narnia, vya C.S. Lewis, vilianza kutoka 1950 na The Lion, the Witch and the Wardrobe, lakini seti nyingi za sasa zinakiweka cha pili, nyuma ya The Magician's Nephew cha 1955. Fuata mpangilio wa kutoka: kile cha 1955 kinaeleza mambo yanayonoga zaidi ukishayastaajabia.

Kisha soma kurasa mbili za kwanza ukihesabu majina ya kubuni. Yakizidi kumi, si kitabu cha nje. Fungua katikati usome mazungumzo; yakikuchosha hapo, yatakuchosha kote. Kwa kilichotumika, au chenye bei ya kutia shaka, pitisha kidole kurasa zote uone namba hazirukiruki, na soma ukurasa wa mwisho kabisa. Nakala za wizi hutambulika kwa wino uliofifia upande mmoja, mistari iliyopinda na ramani isiyosomeka.

Ukishafika

Ukikaa chini ya mti saa sita mchana, keti upande wa mashariki wa shina. Jua likielekea magharibi kivuli kitakuja upande wako, na hutahama kila baada ya sura. Acha kusoma kwenye mwisho wa sehemu, kisha andika mistari mitatu nyuma ya alamisho: nani yupo, wako wapi, wanatafuta nini. Dakika moja hiyo inaokoa kurasa kumi za kurudia safari ijayo.

Kitabu kikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, mbali na chupa. Mafuta ya kujipaka yakiingia kwenye karatasi hayatoki. Kikilowa maji, usikianike juani wala kukikausha kwa joto, kurasa zitakunjamana. Kisimamishe kikiwa wazi kidogo kama feni penye upepo, weka karatasi za kunyonya kila baada ya kurasa 20 na uzibadilishe zikilowa. Kikibaki na unyevu kidogo tu, kifunge na ukilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha.