Subaru Impreza WRX: kizazi kipi ununue, kipi uwaachie wengine

Anayetafuta WRX, Impreza ya kasi yenye tabo, ya mkono wa pili huanza na sura: anataka taa za mbele za macho ya duara au ya mwewe, mkia (spoila) au bila mkia. Aanze na boneti. Katika vizazi vingi vya gari hili, kinachokula pesa au kuziokoa ni mambo mawili: kama injini ni lita 2.0 ya soko la Japani au lita 2.5 iliyopelekwa Ulaya na Marekani, na kama kuna mtu ameichezea. Nimezipanga kwa vigezo hivyo, ndiyo maana iliyo mpya kuliko zote haiko juu.

Kabla ya kuzipanga, angalia unanunulia wapi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo vizazi vitatu vya mwanzo utavipata vikiwa tayari na namba za Kenya, pamoja na historia yote ya barabara za Kenya. Tanzania haikuzuii kwa umri, ila gari kuukuu linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Mtu wa Dar bado anaweza kuagiza mnadani gari ambalo mwenzake wa Nairobi analiona kwenye picha tu.

Namba moja: GD ya mwisho, 2005 hadi 2007

Kizazi cha pili, kwa msimbo wa kiwandani GD, kilitoka mwaka 2000 na macho ya duara ambayo wengi waliyakataa, na Subaru ikakibadilisha uso mara mbili. Hii ya mwisho ndiyo wanayoiita jicho la mwewe. Naiweka mbele kwa sababu imekomaa: kasoro za mwanzo zimerekebishwa, spea zake, mpya na zilizokatwa kwenye magari yaliyotumika, zipo kuanzia Kirinyaga Road ya Nairobi hadi Gerezani ya Dar, na karibu kila mji una fundi aliyeshusha injini ya aina hii. Vioo vya milango bado havina fremu, kitu ambacho kilikufa baada yake na ambacho wapenzi wa gari hili hawajakisahau.

Jihadhari na jambo moja: GDA na GDB. GDA ni WRX ya kawaida, farasi 250 kwa toleo la Japani na giaboksi ya gia tano. GDB ni STI, toleo kali zaidi la WRX, farasi 280 kwenye makaratasi, gia sita na breki za Brembo. GDA zilizovishwa mkia mkubwa na nembo ya waridi ni nyingi mno. Soma kibati cha modeli ndani ya boneti, kisha shika kirungu cha gia: kwenye STI kuna pete ambayo lazima uivute juu ndipo rivasi iingie. Nembo hununuliwa dukani, lakini kupandikiza giaboksi ya gia sita ni gharama ambayo mdanganyifu haingii.

Gia tano si kasoro kama bei inasema hivyo. Ila ndiyo sehemu dhaifu ya GDA, hasa kwa mtu aliyezoea kuondoka kwa kishindo kwenye taa. Ijaribu gari likiwa la baridi, panda na kushuka gia ya tatu taratibu. Ikikwaruza, omba bei ishuke kwa thamani ya giaboksi nzima.

Na ule mngurumo. Vijana wanadhani Subaru isiyonguruma ni mbovu. Mngurumo unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka silinda hadi kwenye tabo. STI za Japani kuanzia mwishoni mwa 2002 zilipewa tabo ya njia mbili na mabomba yanayolingana, kwa hiyo sauti yake ya kiwandani ni tulivu. Ukikuta GDB ya Japani ya 2006 inanguruma kama ya mashindano, fahamu kwamba kuna mtu alishaingia huko ndani. Muulize nani, na nini kingine alibadilisha.

Namba mbili: VA STI, 2014 hadi 2019

Hiki ni kizazi cha nne, na hapa jina Impreza likaondolewa, ikabaki WRX peke yake. Chasi imekaza, usukani ni mzuri kuliko wa zote zilizotangulia, na toleo la Japani linatumia injini ileile ya lita 2.0, EJ20, sasa farasi 308. Injini hiyo ilianza kwenye Legacy mwaka 1989 na ikastaafu na gari hili; toleo la kuiaga lilikuwa na magari 555 tu. Ingekuwa namba moja kama si bei. Kwa mnunuzi wa Kenya ndiyo STI pekee ya gia za mkono anayoweza kuifikiria kuagiza, na kila Januari inayopita zinazoruhusiwa zinapungua. Uzito wake unakaribia kilo 1,500 na barabarani utauhisi, hasa ukitoka kwenye GC8, kizazi cha kwanza.

Namba tatu: hatchi ya 2007 hadi 2014

Ilipotoka ilidharauliwa. Mkia wa buti ulikatwa, vioo vikapata fremu, na mwishoni mwa 2008 Subaru ikajitoa kwenye ubingwa wa dunia wa rali, kwa hiyo haikupata ushujaa wa kaka zake. Dharau hiyo ndiyo faida yako. Gari lilirefushwa takriban sentimita 10 kati ya magurudumu, abiria wa nyuma wana pa kuweka magoti, na kwenye barabara ya matuta linatembea kwa adabu. Mwenye mke na watoto wawili aanzie hapa.

Ila hapa ndipo lita 2.5 zilipojaa. WRX na STI za kizazi hiki zilizotoka Uingereza ni 2.5, na hata Japani STI ya otomatiki, A-Line, ni 2.5. Injini hii ina ugonjwa unaojulikana: kingo za pistoni zinazoshika ringi hupasuka, hasa gari likiwekewa programu ya kuongeza nguvu au kunyweshwa petroli duni. Tafuta ya Japani ya gia za mkono. Ukishindwa kuipata, 2.5 ambayo haijawahi kuguswa ni bora kuliko 2.5 ambayo "imetengenezwa vizuri".

Namba nne: GC8, 1992 hadi 2000

Moyo wangu uko hapa, mfuko haupo. Ilianza na farasi 240 na uzito wa kilo 1,200 na kidogo. Jamii hii ndiyo aliyoshindia dereva Colin McRae Safari Rally mwaka 1997. Lakini gari la umri huu limeoza mahali: tazama matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya rangi iliyovimba. Na tangu Marekani ianze kuzipokea zilipofikisha miaka 25, bei ya minadani Japani imepaa. Inunue kama una gari lingine la kwendea kazini. 22B, toleo lake maalumu, nisiiongelee, ziko mia nne na ushee duniani kote.

Ya mwisho: S4

WRX S4, ya VA au ya VB iliyofuata 2021, ni gari zuri la familia lenye haraka. S4 za Japani zilitoka na CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na klachi ya kukanyaga, na mtu anayetaka WRX kwa sababu ya klachi atajuta ndani ya wiki. Injini zake, FA20 kisha FA24, zina cheni badala ya mkanda wa taimingi. Hiyo ni nafuu ya kweli.

Siku ya kulitazama

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa boneti ukifika. Injini ya baridi haifichi kitu: kama beringi za krenki zimechoka, utasikia mlio wa nyundo sekunde za mwanzo. Chomoa kijiti cha oili. Injini hizi hunywa oili, na zilizokufa nyingi ziliuawa na mtu aliyesubiri taa ya dashibodi. Fungua chupa ya maji ya rejeta. Mapovu yanayopanda mfululizo injini ikiwaka ni gasketi ya hedi. Lipia kipimo cha mgandamizo wa silinda zote nne hata kama muuzaji ananuna.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ni kazi ya kila kilomita 100,000, na kwenye EJ ukikatika vavu zinagonga pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa: tenga pesa ya mkanda, pampu ya maji, oili na plagi juu ya bei ya gari. Na STI ya Japani ilipimwa kwa petroli ya oktani 100 hivi, ambayo petroli ya kawaida ya pampu zetu haifikii, kwa hiyo tenga pia bajeti ya ile ya ghali kila unapojaza.