Opera ya Kijerumani nimeicheki nikiwa Soweto, Mbeya, na blanketi juu

Jamani hii baridi ya Julai imenifanya nimalize DVD ya Ariadne auf Naxos, ile ya Metropolitan Opera ya New York, 1988. Muziki wa Richard Strauss, toleo la 1916.

Stori ni kwamba tajiri mmoja wa Vienna ameandaa msosi nyumbani, kaagiza opera ya huzuni halafu na komedi, ghafla anatuma mtu aseme zote zipigwe kwa pamoja, maana saa tatu usiku kamili fataki lazima zianze 😂 yaani ni kama zile harusi za Mwanjelwa MC anaambiwa muda wa ukumbi umeisha, kwaya na singeli wapande wote. Yule kijana mtunzi anachanganyikiwa kabisa (anaimbwa na mwanamke, Tatiana Troyanos, na kwangu mimi ndo kaua kuliko wote).

Jessye Norman ndo Ariadne, yule wa ile opera ya huzuni, kaachwa na mpenzi wake kisiwani anataka kufa, sauti yake ikitoka chini pale spika zangu za kichina zikaanza kutetemeka. Halafu Kathleen Battle, yule wa upande wa komedi, anakuja kumwambia shoga angu wanaume ndo walivyo, wimbo mmoja dakika kumi na zaidi, sauti inapanda inazunguka hadi unajiuliza anapumua saa ngapi.

Mwisho umenivutavuta, Bacchus, mungu wa mvinyo anayekuja kumchukua Ariadne, anaimba weee mpaka chai ikapoa. Na kama maandishi ya chini huyafuatilii utapotea mapema, Kijerumani chote kile. Nyota nne.