Uzoefu wangu na RTX 3060 ya GB 12, na hili swali la kadi ya bajeti iwe na GB ngapi

Wakuu salama? Kila anayetafuta kadi ya grafiki ya bei nafuu anauliza kitu kimoja, nichukue yenye memori ya GB ngapi, na wanaomjibu huwa wako kambi mbili: hawa wanasema GB 8 imeshakufa usiiguse, wale wanasema GB 8 inatosha sana tu hao wengine wanatisha watu bure. Mi natumia RTX 3060 ya NVIDIA, ile ya GB 12. Kabla yake nilikuwa na kadi ya GB 4, afu mdogo wangu ana RX 6600 ya AMD, ya GB 8, kwenye mashine ambayo kwa vitu vingine haipishani sana na yangu, RAM GB 16, monita ya 1080p, ziko chumba kimoja. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni vitu ninavyoviona mwenyewe pamoja na yale yanayojulikana kuhusu hizi kadi.

Kwanza kilichonitoa kwenye GB 4. Wengi wanadhani memori ikiwa ndogo gemu litakuwa zito muda wote, hapana, mara nyingi haiko hivyo. Namba ya FPS (fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde) pale kwenye kona inasoma vizuri tu, umesimama barabarani uko sawa, afu unageuza kamera ghafla au unaingia mtaa wa pili, picha inaganda kidogo, inaachia, inaganda tena, na kuta za nyumba zinabaki kama zimepakwa uji kwa sekunde kadhaa ndo maandishi ya bango yanaanza kusomeka. Ukichukua wastani wa fremu unaambiwa kadi iko poa. Ndo maana mtu akinionyesha video ya kulinganisha kadi mi siangalii wastani, naangalia zile fremu za chini kabisa, asilimia moja ya zile zilizochelewa kuliko zote, ukata wa memori unaanzaga kuonekana pale.

Sababu yake ni hii. Kadi ina memori yake yenyewe iko karibu kabisa na chipu na ina spidi kubwa, mfano RX 6600 inasoma memori yake kwa GB 224 kwa sekunde, RTX 3060 yangu GB 360. Ikijaa, kinachobaki kinapelekwa kwenye RAM ya kompyuta na kila kikihitajika kinavutwa kupitia PCIe, ile sloti kadi inapochomekwa kwenye mazabodi. Sasa RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe, kwenye mazabodi yenye PCIe 4.0 hiyo ni kama GB 16 kwa sekunde, kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inashuka mpaka kama GB 8. Linganisha 224 na 8 uone mwenyewe. Na hapa ndo huwa naona watengenezaji wanatuonea kidogo sisi watu wa bajeti, kwa sababu kadi za chini ndo zinazokatwa njia, na mwenye kadi ya chini ndo huyo huyo mwenye mazabodi ya miaka hiyo. RX 6500 XT iliyotoka Januari 2022 ndo ilivuka mpaka kabisa, GB 4 halafu njia 4 tu, ukiichomeka kwenye PCIe 3.0 na gemu likavuka hizo GB 4 basi umekwisha.

Sasa turudi kwenye 3060. Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii kadi ni tekscha, yaani zile picha zinazovikwa juu ya vitu vya kwenye gemu kama kuta na nguo. Setingi ya tekscha ni tofauti na setingi nyingine zote, ukipandisha vivuli unalipa kwa fremu, ukipandisha mwanga unalipa, lakini tekscha kama memori inatosha ukizipandisha mpaka juu kabisa fremu haziguswi au zinapungua mbili tatu hivi ambazo huwezi hata kuziona. Kwa hiyo mi nachezaga hivi: vivuli kati, mwanga kati, tekscha juu mwisho. Chipu ya 3060 si ya kutisha, ni kadi ya Februari 2021 jamani, lakini picha inatoka imekaa vizuri kwa sababu vitu unavyovitazama kwa karibu, koti la mhusika, mbao za mlango, maandishi kwenye kopo, vyote vinasomeka. Nimewahi kumsimamisha mhusika mbele ya ukuta ule ule kwenye mashine zote mbili, yangu tekscha juu, ya dogo ngazi moja chini. Ukisogeza uso kwenye monita unaona nyufa za plasta kwangu zina kingo na kwake zimelainika. Ukikaa umbali wa kawaida na unacheza kweli, mh, sidhani kama kuna mtu angetambua. Ngazi ya pili chini ndo inaanza kuuma.

Na wale wa "mi nacheza 1080p kwa hiyo memori hainihusu" naomba waangalie hesabu kidogo. Picha moja ya 1080p inayoenda kwenye monita ni kama MB 8, ya 4K ni kama MB 33. Gemu linatumia picha za ndani nyingi za namna hiyo kabla ya kukuletea ya mwisho, sawa, ndo maana resolusheni nayo inahesabika. Lakini tekscha moja tu ya pikseli 4096 kwa 4096 bila kubanwa ni MB 64, ikibanwa kwa njia za kawaida inakuwa MB 16, ukiongeza na zile nakala zake ndogo ndogo za kuonekana kwa mbali inafika kama MB 21, na kwenye mtaa mmoja wa gemu zipo mamia. Kwa hiyo kushusha resolusheni kunasaidia kiasi fulani, ila anayejaza kadi ni tekscha, na hizo hazijali sana monita yako ni ya ngapi.

Sasa wapi GB 12 na GB 8 zinapishana kweli? Kiukweli kwenye magemu mengi hazipishani. CS2, Valorant, Fortnite kwa setingi za ushindani, pale hakuna kadi hata moja inayotoa jasho upande wa memori, na RX 6600 inakula umeme kidogo zaidi, imepangiwa wati 132 wakati 3060 ni 170, ya dogo haina kelele yangu feni zinasikika. Kwenye magemu ya kawaida 3060 inatangulia kidogo au zinatoshana. Mtu anayecheza hivyo tu akiniuliza namwambia achukue ya GB 8 hela nyingine aweke kwenye prosesa au SSD.

Zinaachana kwenye magemu makubwa ya stori kuanzia 2023 hivi. PS5 na Xbox Series X zilitoka 2020 na memori GB 16 ya kugawana, ila miaka ya mwanzo magemu mengi bado yalikuwa yanatengenezwa yaingie na kwenye PS4 yenye GB 8, kwa hiyo sisi wa PC tukawa tunaishi kwa raha. Walipoanza kuiacha PS4 ndo kelele zikaanza: The Last of Us Part I Machi 2023, watu wenye GB 8 wakajikuta wanaambiwa na gemu lenyewe kwamba memori imepita kiwango. Haki isemwe, sehemu ya lile tatizo ilikuwa magemu kutoka mabichi, The Last of Us ilikuja kurekebishwa na apdeti na tekscha za kati zikawa zinatazamika. Lakini mwelekeo haukurudi nyuma. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inalazimisha rei tresingi (mwanga unaokokotolewa mwale kwa mwale), huwezi kuizima, na kadi za chini kabisa walizozitaja ni za GB 8, RX 6600 ikiwemo. Yaani GB 8 imekuwa mlango wa kuingilia, na ile setingi yao ya akiba ya tekscha ukiipandisha kupita uwezo wa kadi fremu zinaporomoka kabisa, hazishuki taratibu.

Hapo kwenye rei tresingi kuna kichekesho. Inakula memori ya ziada. Na zile fremu za kubuniwa katikati ya fremu halisi, ambazo zinanadiwa kama mkombozi wa kadi ndogo, nazo zinakula memori. Kwa hiyo mwenye RTX 4060 ya GB 8 anapewa teknolojia ya kumwongezea fremu halafu akiiwasha pamoja na tekscha za juu nafasi inaisha. 3060 yangu kwa upande wake ina nafasi lakini fremu za kubuniwa za DLSS haizipati, NVIDIA waliziweka kuanzia mfululizo wa 40, mi natumia za FSR, ile ya AMD, kwa magemu yanayoruhusu. Ni kero, sitaki kuificha, mwenye 4060 ana chipu ya spidi zaidi na umeme kidogo, ukitaka fremu nyingi kwenye gemu ambalo linaenea ndani ya GB 8 atakuacha mbali.

Na hapo ndo nataka watu waelewe, GB nyingi hazikuletei spidi. Mfano mzuri ni RTX 4060 Ti, ilitoka ya GB 8 Mei 2023 na ya GB 16 Julai, chipu ile ile, njia ya memori (upana wa barabara kati ya chipu na memori) ile ile ya biti 128, kwenye gemu ambalo linaenea kwenye GB 8 zinatoa fremu sawa. Unalipia ile GB 16 kwa ajili ya siku gemu litakapovuka, basi. Kwenye kadi za chini zaidi ndo utapeli wa namba ulipo, kuna GT 730 zenye GB 4 za DDR3 ambazo mtu ananunua akiona "GB 4" anadhani amepata kitu, ile memori ni ya polepole na chipu yenyewe imechoka haiwezi hata kuzitumia hizo GB 4. GT 1030 nayo zipo mbili, GB 2 zote, ila ya GDDR5 inasoma GB 48 kwa sekunde na ya DDR4 inasoma kama 17, jina moja.

Majina haya yanachosha aisee. GTX 1060 ya GB 3 ilikuwa na kori (vitengo vya kukokotoa ndani ya chipu) 1152 wakati ya GB 6 ina 1280, kwa hiyo hata gemu lisipojaza memori zilikuwa hazilingani. RTX 3050 ya GB 6 ya 2024 imekatwa kori na njia imekuwa biti 96. Na 2025 wamerudia mchezo, RTX 5060 Ti na RX 9060 XT kila moja ipo ya GB 8 na ya GB 16.

Kuhusu kupima, usishtuke ukiona kwenye Afterburner, programu ya kupimia kadi, kadi yangu inasoma GB 9 ukasema basi GB 8 haitoshi. Ile namba kwa kawaida ni nafasi ambayo gemu limejitengea, si lazima iwe nafasi linayohitaji. Gemu likikuta eneo kubwa linatandaza vitu vyake, gemu lile lile kwa dogo linasoma GB 7 na linaenda bila shida. Mi naangalia Task Manager, kwenye GPU kuna memori ya kadi yenyewe na kuna ile ya kushea na RAM. Ya kushea ikianza kupanda sana huku unacheza na kamera inashtuka shtuka ukigeuka, hapo kweli umejaa. Kabla hujakimbilia kununua kadi mpya funga brauza kwanza, brauza yenye tabo nyingi na programu za kuchati zinachukua mamia ya MB za kadi. Kwa GB 12 sijali, naacha vyote wazi. Dogo anafunga.

Kwa hiyo ningekuwa nanunua leo kwa hela ndogo: GB 4 labda kwa magemu ya zamani na ya ushindani tu, GB 6 kama umeipata kwa bei ya kuokota. GB 8 ni sawa kabisa ukikubali kwamba kwenye magemu mapya ya stori tekscha utashusha ngazi moja au mbili, na usikubali ikauzwa karibu na bei ya GB 12. GB 12 kwa mtu wa stori, mtu wa modi za tekscha (tekscha zilizotengenezwa na wachezaji), mtu anayekaa na kadi mpaka ife. Intel Arc B580 ya Desemba 2024 nayo ina GB 12 na njia ya biti 192, nzuri, ila lazima mazabodi iwe na Resizable BAR (inayoruhusu prosesa ifikie memori yote ya kadi kwa mkupuo) na prosesa isiwe kuukuu, la sivyo inapoteza fremu nyingi. GB 16 kwenye chipu ndogo mi nisingeikimbilia labda kama unaenda 1440p.

Mtumba ndo wengi tutakakoishia, kwa hiyo beba GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi. Kuna kadi feki zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) zijitangaze GB ambazo hazina, zinafunguka vizuri tu afu gemu likivuka memori halisi zinazima, nyingi GPU-Z inazikamata na kuandika kwamba ni feki. Na ukikuta RTX 3060 inauzwa rahisi kuliko wenzake soma mstari wa njia ya memori kabla hujatoa hela, biti 192 ndo hii ya GB 12, ikiandika 128 hiyo ni ile ya GB 8 iliyokuja mwishoni mwa 2022, spidi ya memori imeshuka mpaka GB 240 kwa sekunde, na muuzaji anaweza kukwambia "3060 ni 3060 tu bosi".